Hesi Mbili katika Trekta Kuukuu

Reli ilipoufikia mji wa Eldoret mwaka 1924, mizigo mizito haikuhitaji tena kukokotwa na magari ya ng'ombe kutoka Londiani. Mashine za ng'ambo zikaongezeka katika uwanda wa Uasin Gishu. Yalikuja matrekta ya Kiingereza na ya Kimarekani, yakalima ngano mashamba yale yale na kufunguliwa na mafundi wale wale. Kwa macho yalifanana, lakini boliti zake hazikuwa za kabila moja.

Mwenye kufufua injini ya namna hiyo leo hukabiliwa na jambo hili hasa anaponunua boliti za kichwa cha injini. Kichwa hicho, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, hukaa juu ya bloku, na katikati hulazwa gasketi. Mafuta yawakapo, nguvu ya mlipuko hutaka kukiinua. Boliti ndizo zinazokizuia. Boliti iliyokazwa barabara hurefuka kidogo mno, mfano wa mpira uliovutwa, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakokibana kichwa.

Hapo zamani kila karakana ya Uingereza ilikata hesi kwa namna yake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Manchester, baada ya kukusanya boliti za karakana nyingi na kutwaa wastani wake, alipendekeza kanuni moja: pembe ya meno iwe digrii 55. Naona busara yake ilikuwa kutolazimisha jambo geni. Alichukua katikati ya yale waliyoyafanya mafundi wenyewe. Lakini mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alichagua digrii 60, kwa kuwa pembe hiyo ilikuwa rahisi zaidi kukatwa. Tofauti ya digrii tano ilionekana ndogo mpaka Vita Vikuu vya Pili, ambapo majeshi yaliyopigana upande mmoja hayakuweza kuazimana nati. Novemba 1948 Uingereza, Kanada na Marekani zikatia sahihi mapatano ya hesi moja, ya digrii 60.

Mapatano, hata hivyo, hayakubadili injini zilizokwisha kutengenezwa. Tazama boliti ya nusu inchi: ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, na ya Kimarekani ya meno makubwa ina 13. Ukizichanganya, hukwama mapema, na fundi huonywa. Hatari kubwa i katika boliti ya inchi 7/16, kwani zote mbili zina meno 14. Huingia kwa vidole pasipo ubishi. Lakini pembe hazilingani, meno hugusana sehemu ndogo tu, na spana ikizidi kuvuta, meno ya bloku hung'oka. Boliti hununuliwa kwa shilingi chache; bloku ya trekta lililokoma kutengenezwa hutafutwa kwa miezi, na mvua haimngoji mkulima.

Basi boliti ya zamani haitupwi. Hupimwa kwa kipimo cha hesi, kisha mpya hulazwa kando yake. Alama za kichwani nazo husomwa: mistari mitatu kwa boliti ngumu za Kimarekani, tarakimu 8.8 kwa zile za milimita. Urefu pia hulinganishwa, maana boliti iliyozidi hugonga mwisho wa tundu kabla ya kukibana kichwa. Mkono huhisi imekaza, na maji huvuja siku ya kulima.