Ukano Unaojiunga

Kila aliyekatika ukano wa kisigino hugeuka nyuma kwanza. Nami niligeuka. Ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye uwanja wa mchanga usio mbali na stesheni ya TAZARA ya Mzenga. Walimu tulikuwa tunacheza na vijana wa kijijini, na nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuukimbilia mpira uliopigwa pembeni. Nikasikia pa! kama dafu lililoangukia bati, kisha nikahisi nimepigwa teke la kisigino. Niligeuka kumtafuta aliyenipiga. Hapakuwa na mtu. Beki wao alikuwa hatua kumi nyuma yangu, ameshika kiuno, ananishangaa.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1726 Alexander Monro, profesa wa anatomia wa Edinburgh, alipatwa na jambo hilohilo. Aliandika kwamba alisikia mlio kama wa mtu aliyeponda kokwa kubwa kwa kisigino, akahisi kama kiatu chake kimetoboa sakafu. Ningekuwa na kitabu chake jioni ile, nisingepoteza siku tisa.

Nilikuwa na miaka 29, mwalimu wa kujitolea wa somo la Historia, nasubiri ajira kama wenzangu wengi tuliomaliza chuo mwaka mmoja. Kwa lugha nyingine: sina mshahara, sina bima. Vijana walinibeba hadi kwenye bodaboda. Mahali pa kwanza nilipotibiwa niliambiwa kifundo kimeteguka, nikapewa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Sikulaumu sana. Jeraha hili hudanganya: misuli mingine midogo ya mguu bado inaweza kuusukuma unyayo uelekee chini kidogo, na mgonjwa anachechemea mwenyewe hadi nyumbani. Anaonekana mtu aliyeteguka tu.

Aliyegundua ni bibi jirani yangu, anayechua watoto na wazazi mtaani kwetu. Alikaa kwenye kigoda, akauweka mguu wangu mapajani, akapitisha kidole gumba kutoka kwenye shavu la mguu kushuka kisiginoni. Katikati kidole kikasimama.

"Mjukuu wangu, hapa pana shimo."

Akarudia tena, taratibu. Kisha akafunga kichupa chake cha mafuta. "Hapa hapachuliwi. Nenda mjini."

Mjini, siku ya tisa, daktari alinilaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Alibana shavu la mguu mzima, unyayo ukacheza. Alibana shavu la mguu mbovu, unyayo ukakaa kimya. Hicho ndicho kipimo chote: hakuna mashine, hakuna umeme. Madaktari wawili wamepewa sifa yake, Simmonds aliyekiandika mwaka 1957 na Thompson mwaka 1962, na kinaweza kufanyika juu ya mkeka.

"Umekatika wote," alisema. "Sasa tuna njia mbili. Kushona, au kufunga hogo. Ukifungwa mapema, mguu ukielekezwa chini, zile ncha mbili zinakaribiana na mwili unaziunganisha wenyewe. Ila usije ukadhani kufunga ni kulala tu. Kazi yake ni ndefu kuliko ya kushonwa."

Nilitoka nje kumpigia kaka yangu. Alikuwa ameshaanza kuchangisha kwenye kundi la ukoo, mjomba ameahidi, shangazi ameahidi.

"Bwana mdogo, hebu niambie ukweli," alisema. "Unaokoa mguu au unaokoa hela?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo nilikwenda nalo hadi Mzenga, nimekaa kiti cha nyuma cha basi, hogo limenyooshwa kwenye njia ya kupita abiria. Nilikuwa nimechagua kutopasuliwa. Lakini maskini anapochagua njia ya bei rahisi, atajuaje kama kachagua yeye au umemchagulia umaskini? Kwa kuwa nilikuwa na majuma ya kukaa na simu yenye bando la usiku, niliamua kufanya kile ninachowafundisha wanafunzi wangu: kutafuta jambo lilianzia wapi.

Lilianzia kwenye hofu. Katika maandishi ya Kigiriki yanayobeba jina la Hippocrates, ukano huu ukikatika au kupondeka unaleta homa kali na kifo. Jina lake la leo lilikuja baadaye sana. Mwaka 1693, Philip Verheyen, mtaalamu wa anatomia wa Leuven, ndiye aliyeuita katika kitabu chake kamba ya Achilles. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mguu mmoja; alikatwa mguu alipokuwa mwanafunzi wa theolojia, akaacha theolojia, akasomea utabibu.

Hadithi ya Achilles niliisimulia darasani siku niliyorudi kufundisha, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, hogo juu ya stuli. Mama yake alimtumbukiza katika mto wa kuzimu ili asiweze kudhurika, lakini alikuwa amemshika kisigino, na kisigino hakikulowa. Niliwaeleza kwamba katika utenzi mkongwe wa Homer kisa hicho hakimo. Kinajitokeza kwa mshairi wa Kirumi, Statius, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Msichana wa kidato cha pili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini mama yake hakumgeuza tu, akamshika upande wa pili?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka, lakini swali lake lilikuwa la kitabibu kuliko alivyojua. Dunia iliamini kwamba mahali hapo pana ulemavu wa asili, pakiguswa basi. Watu walichelewa kugeuza upande wa pili waone.

Aliyegeuza ni mtu aliyeumia. Monro alijitengenezea kiatu cha kitambaa chenye ukanda, akaufunga kwenye shavu la mguu ili kisigino kivutwe juu na ncha za ukano zikaribiane. Miaka 41 baadaye, 1767, John Hunter wa London, daktari wa upasuaji, alikatika wa kwake akiwa na miaka 39. Hakujipasua wala hakuita mtu ampasue. Alijifunga, akakiinua kisigino, akaendelea kutembea. Kisha akafanya jambo ambalo leo lingetuchukiza: alikata kano za mbwa kwa sindano iliyopenya kwenye tundu dogo la ngozi, akawaua kwa nyakati tofauti ili aone kinachoendelea ndani. Aliona pengo linajazwa, na kile kilichojaa kinakuwa kigumu hadi kinageuka ukano.

Ushahidi ulionigusa zaidi, hata hivyo, haukutoka London. Ulitoka jirani. Kuna watoto wanaozaliwa nyayo zikiwa zimepinda kuelekea ndani. Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alibuni njia ya kuzinyoosha: unyayo unageuzwa taratibu kila juma na kufungwa hogo jipya. Mwishoni, kwa watoto wengi, daktari anaukata ukano wa kisigino kabisa kwa tundu dogo, bila kuushona, na kufunga hogo la mwisho kwa majuma kama matatu. Likifunguliwa, ukano umejijenga upya, mrefu zaidi, na mtoto anatembea. Miaka ya 2000 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuieneza njia hii nchini kote, ikiwafundisha maafisa wa mifupa wasio madaktari bingwa, kwa sababu mabingwa walikuwa wachache mno. Nchi yetu nayo ina kliniki zake.

Nilisoma hilo saa nane usiku, nikaweka simu chini. Kumbe hapa Afrika Mashariki kano za kisigino zinakatwa kwa makusudi na kuachwa zijiunge. Najua mtoto mchanga si mtu wa miaka 29. Lakini usiku ule nililala usingizi.

Kwa watu wazima hoja ilichukua muda zaidi. Mwaka 1929 Wafaransa Quénu na Stoianovitch walitetea kushona, na kwa miaka mingi kushona kukawa ndiyo tiba ya mtu anayejali mguu wake, hasa mwanamichezo. Kisha wakaja waliolinganisha. Mwaka 1981 Nistor wa Sweden alichapisha matokeo ya wagonjwa 105 na hakuona sababu kubwa ya kumpasua kila mtu. Mwaka 2010 Wakanada waliwagawa wagonjwa 144 nusu kwa nusu, wote wakianza kukanyaga na kufanya mazoezi mapema: ukano ulikatika tena kwa 2 walioshonwa na kwa 3 wasioshonwa. Mwaka 2022 Wanorwe wakatoa hesabu kubwa zaidi, ya watu 526. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa sawa kwa nguvu na maisha ya kila siku. Lakini kwa wasiopasuliwa ukano ulikatika tena kwa asilimia 6.2, na kwa waliopasuliwa asilimia 0.6 tu. Kwa upande wa pili, mishipa ya fahamu iliumia zaidi kwa waliopasuliwa.

Nilimtumia kaka hesabu zote, pamoja na ile isiyonipendeza. Alijibu baada ya siku mbili: "Sita kwa mia. Basi usiwe mmoja wao."

Hogo nilifungwa mara tatu. La kwanza liliuelekeza unyayo chini kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. La pili likaupandisha kidogo. La tatu likaukaribisha kwenye pembe yake ya kawaida. Daktari alinionya kuhusu damu kuganda: shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana, nisisubiri kesho. Mahospitali ya nchi tajiri siku hizi hutumia buti maalumu lenye kabari za kisigino. Bei yake ingenimaliza. Nilifarijika kusoma utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, wagonjwa 540: baada ya miezi tisa, waliovaa hogo na waliovaa buti walifanana.

Hogo lilipotoka, juma la nane, nilitakiwa kuendelea kutembea kisigino kikiwa juu, nikishushe kwa hatua. Nilikwenda kwa fundi viatu anayeshona katambuga. Nikamchorea ninachotaka. Alitazama mguu uliokonda, akatazama mchoro, akachukua kipande cha tairi akakata vipande vitatu vya kisigino, akavipigilia kimoja juu ya kingine.

"Kila juma mbili unaniletea nang'oa kimoja," alisema. "Cha tatu kikitoka, unanilipa."

Fundi yule hajawahi kumsikia Monro. Lakini alikuwa ameshika wazo lilelile la mwaka 1726, la kuinua kisigino ili ncha mbili zisiachane.

Juma la kumi, masika yakiwa yamechanganya, niliteleza kwenye tope nikitoka chooni. Mguu ulikwenda mbele, mwili ukabaki nyuma. Nilikaa chini kwenye mvua, sikugusa kitu, nasikiliza kama kuna pa! nyingine ambayo huenda sikuisikia. Asilimia sita si namba ndogo mtu akiwa amekaa kwenye tope. Nilijigeuza kifudifudi palepale uani, nikamwita kijana wa mwenye nyumba.

"Bana hapo nyuma. Bana kwa nguvu. Unyayo umecheza?"

"Umecheza, mwalimu."

"Bana tena."

Akabana mara nne, nami nililala na uso kwenye matope nikicheka peke yangu.

Swali la kaka sasa nalijibu hivi. Nilipotoka kwa daktari niliokoa hela; huo ndio ukweli, na ningekuwa nazo huenda ningeshonwa bila kuuliza. Bahati yangu ni kwamba njia niliyoikimbilia kwa ufukara ilikuwa pia njia yenye ushahidi, mradi nilifungwa ndani ya majuma mawili ya kwanza. Yule anayebaki nyumbani miezi miwili akichua shimo hana bahati hiyo. Mguu wake haukosi kisu. Umekosa kidole gumba cha bibi jirani.

Mwaka jana kijana mmoja wa bodaboda aliletwa kwangu na wenzake, siku ya nne tangu aruke mtaro. Alikuwa ameambiwa ameteguka. Nilimlaza kwenye mkeka, nikabana. Unyayo haukucheza. Nilimpa nauli ya asubuhi na mfuko wa kaki wenye vile vipande vitatu vya tairi, ambavyo fundi alinirudishia siku nilipomlipa.

"Mwalimu, wa kwako ulipona kabisa?" aliuliza.

Nilisimama kwa mguu ule mmoja, nimeshika mlango, nikainuka kwa vidole. Tukahesabu pamoja. Mguu mzima hufika ishirini na tano. Huu ulifika kumi na nne, ukaanza kutetemeka, nikaushusha.