Boriti Haina Kosa: Sakafu za Mji Mkongwe na Hukumu ya Haraka

Tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka ukarabati ukiendelea na watu wawili wakapoteza maisha, kuna kauli isiyoisha mabarazani Unguja: nyumba za Mji Mkongwe zinaanguka kwa sababu sakafu za ghorofa zimelazwa juu ya miti ya mikoko, yaani boriti. Ng'oa boriti, mwaga zege, mji utapona. Kauli hiyo ni ya haraka mno, na kila ikifuatwa nyumba moja zaidi hupoteza kiungo chake.

Beit al-Ajaib yenyewe haiwezi kutumika kuihukumu boriti. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa mchanganyiko uliokuwa mgeni Unguja: mawe ya matumbawe na boriti, lakini pia mihimili ya chuma, mabamba ya zege na nguzo za chuma cha kuyeyushwa zilizobeba baraza pana. Dari zake ndefu zilitokana na vyuma hivyo. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 ililivunja jumba la Beit al-Hukm lililokuwa jirani, lakini Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Anayetaka kuijadili boriti aende kwenye nyumba za kawaida za vichochoroni.

Huko mpango wa sakafu ni ule ule wa Kilwa, Gedi na Lamu. Miti ya mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa hushindiliwa mpaka sakafu ikamatane. Urefu wa mti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa kawaida karibu meta tatu. Wapo wanaoeleza wembamba wa vyumba kwa desturi za sitara. Sitara ilipanga mfuatano wa vyumba, lakini upana uliamuliwa msituni.

Msitu huo una shahidi ambaye waandishi wetu wa majengo humsahau. Alan Villiers, baharia wa Australia, aliabiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, na kitabu chake, *Sons of Sinbad*, kilitoka mwaka 1940. Husomwa kwa ajili ya tanga na mabaharia. Mimi nakisoma kwa ajili ya delta ya Rufiji, ambako jahazi lilipakia boriti kwa kazi nzito ya matope na mbu kabla ya kurejea Ghuba. Miti ile ile iliyobeba dari za Unguja ilibeba dari za Kuwait na Bahrain, ambako mti wa kujengea ulikuwa adimu. Biashara ilikuwa na vipimo vyake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na hesabu ilikwenda kwa korija, miti ishirini ishirini. Soko lenye madaraja kama hayo huwapo pale ambapo wajenzi wanajua kwa hakika wanachokitaka. Boriti ilichaguliwa kwa ujuzi: ni nzito, imenyooka, na hustahimili mchwa kuliko miti mingi.

Kinachoiua ni maji. Mti huoza kwanza kichwani, pale ulipoingia ukutani, kwa sababu paa linavuja au bomba la choo cha juu limepasuka. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawanywa kwa familia kadhaa, mabomba yakaongezeka na matengenezo yakapungua. Kisha ikaja plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiuvika saruji, unyevu hujifungia ndani na kurudi kwenye vichwa vya boriti.

Hoja ya zege naijua: ni imara na fundi wake hupatikana bila shida. Lakini bamba la zege hukazana juu ya ukuta laini unaocheza kidogo kidogo, na nondo zikikutana na chumvi hupata kutu, huvimba na kulipasua. Sakafu ya boriti hutengenezwa kipande kwa kipande. Fundi huegemeza nguzo chini, hutoa mti mmoja uliooza, huingiza mwingine na kuujazia mawe na chokaa. Nyumba inaendelea kukaliwa.

Ugumu wa kweli uko kwenye upatikanaji. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, na mikoko ya pwani yote inahitajika kwa samaki na kwa kuzuia mmomonyoko. Sitetei ukataji holela. Natetea kibali kidogo, chenye hesabu, kwa ajili ya nyumba za mji ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985, iweke utaratibu: hakuna idhini ya kumwaga zege kabla vichwa vya boriti havijakaguliwa na uvujaji haujazibwa. Nyumba nyingi zitagundulika kuwa zilihitaji miti michache na paa lisilovuja.