Vitimbi Kwenye TV ya Inchi 55: Vile Utafanya Vipindi vya Kitambo Vikae Fiti

Krisi iliyopita nilipeleka TV mpya ocha. Inchi 55, 4K, nyembamba kama chapo. Shosho alikuwa na ombi moja tu: Vitimbi. Nikafungua YouTube, nikapata kipindi cha miaka ile, nikaketi nikingoja kusifiwa.

Shosho akakaza macho kama dakika mbili hivi. "Huyu ni nani?"

"Si ni Mzee Ojwang', shosho."

"Wacha mchezo. Ojwang' namjua. Huyu amefura uso."

Na hakuwa amekosea. TV ilikuwa imemvuta Mzee Ojwang' kwa upande, ikampaka rangi ya machungwa, kisha ikamlainisha ngozi mpaka akakaa kama sanamu ya kuuzia suti. Ile Great Wall ya inchi 14 iliyokuwa hapo awali, ile ya kupigwa kofi ikigoma, ilikuwa inamwonyesha vizuri zaidi.

Kama umenunua TV kali halafu Vioja Mahakamani, Vituko au Fresh Prince zinakaa vibaya, usikimbie kurudisha kwa duka. Mara nyingi TV ni nzima na kipindi ni kizima. Kinachoharibu mambo ni ujanja ambao TV inaongeza bila kuulizwa. Kazi yako ni kuuzima, na karibu kila kitu hapa chini ni bure.

Mbona inakaa hivyo?

Tuanze na hesabu. Kenya ilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625, na kati ya hiyo 576 ndiyo unayoiona kama picha. Ukiiingiza kwa kompyuta, picha moja inakuwa nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. TV ya 4K ina nukta 8,294,400. Gawanya: ni mara 20 kamili. Kwa kila nukta moja ya ukweli, TV lazima ibuni zingine 19. Hakuna setingi itakayorudisha kitu ambacho kamera haikushika.

Halafu kuna saizi. Picha ya zamani ilikuwa na umbo la 4:3, karibu mraba. Ikikaa sawasawa kwa TV ya inchi 55 inakuwa na upana wa kona kwa kona wa kama inchi 45. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya ile ya inchi 14. Kila kasoro iliyokuwa imejificha sasa imetoka nje kuota jua.

Tatu, TV za mgongo hazikuchora picha yote mara moja. Zilichora mistari ya 1, 3, 5 kwanza, kisha 2, 4, 6, mara 50 kwa sekunde. Kioo kile kilikuwa kinachanganya hizo nusu mbili bila wewe kujua. Skrini ya sasa inaonyesha mistari yote pamoja, kwa hivyo lazima iunganishe nusu hizo yenyewe. Ikishindwa, mtu akitembea unaona kingo zake zimetoka meno kama ya kitana.

Kwanza kabisa: rudisha umbo

Hii ndiyo iliyomvimbisha Mzee Ojwang'. Picha ya 4:3 ikivutwa ijaze skrini ya 16:9, kila mtu ananenepa kwa theluthi moja. Ukichagua zoom badala ya kuvuta, watu wanabaki na mwili wao lakini unakata robo nzima ya picha, juu na chini. Vichwa vinapotea, na kile mtu ameshika mkononi pia.

Ingia kwa menyu ya picha, tafuta "Picture Size" au "Aspect Ratio", weka 4:3 au "Original". Utaona mistari mieusi pande zote mbili. Iache. Haujapunjwa skrini, hiyo ndiyo picha yote vile ilivyorekodiwa.

Kuna wasee wengine hupandisha video YouTube ikiwa tayari imevutwa. Hiyo utaijua kwa kutafuta kitu cha mviringo: saa ya ukutani, sahani, gurudumu la gari. Kama saa imekaa kama yai, aliyepandisha ndiye aliharibu. Jaribu kulazimisha 4:3 kwa TV. Kama TV inakataa, icheze kutoka kwa kompyuta ukitumia VLC, ubonyeze herufi A mpaka saa irudi kuwa duara.

Usidhani ni sisi tu. The Simpsons ilipoingia Disney+ mwaka wa 2019, vipindi vya zamani vilikatwa ili vijaze skrini pana. Kuna mzaha maarufu wa kiwanda cha bia ya Duff, ambapo bia tatu za majina tofauti zinatoka kwa paipu moja. Walipokata sehemu ya juu, paipu ikapotea na mzaha ukafa. Mashabiki walipiga kelele, na mwaka wa 2020 wakawekewa chaguo la 4:3.

Zima hizi vitu nne

Moja, toka kwa "Vivid" au "Dynamic". Hizo ziliwekwa ili TV ing'ae kuliko jirani yake kwa duka lenye mataa makali. Nyumbani zinafanya sura za watu ziwe machungwa. Chagua "Movie", "Cinema" au "Filmmaker Mode". Siku ya kwanza utahisi picha imefifia na ina rangi ya chai. Ipe dakika kumi, macho yatazoea.

Mbili, shusha "Sharpness". Haiongezi maelezo yoyote, inachora tu mstari mweupe kando ya kila kitu. Kwa video ya zamani inachora mpaka zile chengachenga. TV zingine sifuri ndiyo kawaida, zingine ni katikati, kwa hivyo usifuate namba. Angalia maandishi ya majina mwanzoni mwa kipindi, shusha polepole mpaka ule mwanga kando ya herufi upotee, kisha simama hapo.

Tatu, zima kile kitu cha kulainisha mwendo. Samsung wamekiita Auto Motion Plus, na TV zao za karibuni Picture Clarity. LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. TV inabuni picha za katikati ili mwendo uteleze. Kwa mpira unaweza kubamba. Kwa kipindi cha zamani, mikono inayeyuka mtu akiipunga haraka.

Nne, kuwa makini na "Noise Reduction". Hii usiizime kiholela. Kwa kanda yenye chengachenga nyingi, iweke "Low", inasaidia. Kwa kipindi kilichopigwa kwa filamu na kusafishwa vizuri, izime, juu itakula ngozi, nywele na nguo pamoja na ule uchafu.

Kanda au filamu? Hapo ndipo siri iko

Umewahi jiuliza mbona Friends inakaa safi na Fresh Prince inakaa kama imefunikwa neti, na zote ni za miaka ya tisini? Friends ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na Seinfeld pia. Filamu hiyo inashika maelezo mengi kuliko TV yoyote ya wakati huo ingeweza kuonyesha. Miaka ikipita, unairudia filamu ile ile, unaiskani upya, unapata HD ya ukweli. The Wire nayo ilikuwa filamu yenye umbo la 4:3, na mwaka wa 2014 HBO wakaitoa upya kwa HD na kuipanua hadi 16:9.

Fresh Prince ilirekodiwa kwa kanda ya video, sawa na vipindi vingi vya studio vya hapa kwetu. Kanda ilishika mistari ya TV ya siku hizo na basi. Hakuna maelezo mengine yaliyofichwa mahali yakingoja kuskaniwa. Na Marekani walikuwa na mistari michache kuliko sisi: 480 ya picha, dhidi ya 576 yetu. Kwa hivyo kanda nzuri ya Vitimbi, ikitunzwa, ina mistari mingi kuliko kanda ya Fresh Prince. Jipe sifa kiasi.

Somo ni hili: kabla ya kutafuta toleo la "HD", jua kipindi kilipigwa kwa nini. Kama ni filamu, toleo jipya lina thamani. Kama ni kanda, tafuta nakala iliyo karibu zaidi na kanda ya kwanza, ambayo haijarekodiwa tena na tena.

Waya, YouTube na VLC

Kama bado una DVD player, angalia waya. Ile ya njano inasukuma rangi na mwangaza pamoja kwa njia moja, na zinachafuana. Kama kuna tundu la HDMI, tumia hilo. Na zile DVD za mtaa za movie 20 kwa diski moja, wacha tu. Ili zitoshee, picha ilibanwa hadi ikavunjika vipande, na hakuna TV itaponya hiyo.

YouTube, usiiache kwa "Auto". Bando ikiwa chini itakushusha hadi 240p bila kukuambia. Kwa kipindi cha zamani, 480p inatosha na haimalizi bando. Lakini kama chaguo la 720p lipo, lijaribu: mara nyingi vile viboksi vinapungua hata kama video ya kwanza haikuwa HD.

Ukiona yale meno ya kitana kwa faili ya kompyuta, bonyeza D ndani ya VLC. Itaunganisha zile nusu mbili. Kama meno yamebaki YouTube, basi aliyepandisha aliyachoma ndani, tafuta nakala nyingine.

Na ujanja wa mwisho ni wa bure kabisa: rudisha kiti nyuma. Kile kipindi kilitengenezewa mtu aliyeketi mbali na skrini ndogo. Ukisogea nyuma mita moja au mbili, picha inajikusanya.

Zile video za "4K AI"

Siku hizi kuna vipindi vya zamani vimepitishwa kwa programu ya AI na kubandikwa "4K". Zingine ziko sawa, hasa kama aliyefanya alitumia mkono mwepesi. Lakini kumbuka ile hesabu ya nukta 19. Programu haijui uso wa Mama Kayai ulikuwa vipi, inakisia kutokana na nyuso zingine ilizofunzwa nazo. Ndiyo maana unaona meno yaliyoshikana, macho ya kioo, na maandishi ya ukutani yamegeuka lugha ya majini. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alituacha Julai 2015. Hatarudi studio kupigwa picha upya. Uso uliobaki kwa kanda ndio tulio nao, na heri uwe na ukungu ukiwa wake.

Kabla hujafunga hii, angalia chini ya kabati

Kuna kipindi kimoja cha zamani ambacho hakiko YouTube wala Netflix: kaseti ya harusi ya wazazi wako. Ruracio, graduation ya anti, buda akiwa na afro. Kanda ya sumaku inafifia hata ikiwa imelala tu, na unyevu unaleta kuvu. Na deki za kuichezea zinaisha: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana ikitengeneza, iliacha mwaka wa 2016.

Ukipeleka kwa fundi wa kuhamisha kanda, uliza maswali manne. Ataingiza kwa PAL, 720 kwa 576? Ataacha umbo la 4:3? Utapewa faili kwa flash, si DVD peke yake? Na kaseti yenyewe utarudishiwa? Akisema atakuvutia ijaze skrini, tafuta mwingine. Ukiona unga mweupe juu ya kanda, hiyo ni kuvu: usiicheze, itachafua deki na kukwaruza kanda. Mwonyeshe fundi kwanza. Ukishapata faili, weka nakala mbili, kila moja mahali pake.

Shosho? Nilirudisha 4:3, nikatoka kwa Vivid, nikashusha sharpness, nikazima ule ulaini. Dakika tatu kazi imeisha. Akatazama mistari mieusi pembeni akauliza kama TV imeharibika. Kisha Mzee Ojwang' akafungua mdomo, na shosho akaacha kuniuliza maswali.

Keshoye asubuhi akaleta mfuko wa plastiki kutoka chumbani. Ndani kulikuwa na kaseti moja, karatasi imebanduka nusu, imeandikwa kwa kalamu: "Harusi, 1991." Nimeipeleka kwa fundi wiki hii.