Butiama kabla ya kiti cha chifu

Ukitoka Musoma, ukaacha nyuma mwalo wa Mwigobero na harufu yake ya dagaa, hazipiti kilomita hamsini kabla hujafika Butiama, vilimani kwa Wazanaki. Wageni wengi huenda huko wakitarajia makao ya kifalme: chifu, wake zake 22, na mtoto aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, Mwalimu Nyerere. Hawajakosea, ila wameanza hadithi katikati. Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja. Walikaa katika vijinchi vidogo kama Butiama, Busegwe na Bumangi, na neno lenye uzito lilikuwa la wazee, la marika na la waganga wa mvua. Mkoloni ndiye aliyehitaji mtu mmoja wa kumdai kodi ya wote. Chifu huyo, Nyerere Burito, alikalia kiti mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshapamba moto. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akakikuta kiti kipo, naye akakitumia.

Atakayedai ushahidi wa maandishi kwa nyakati za kabla ya boma la mkoloni atakaa sana. Lakini majina yapo, na majina huweka kumbukumbu bila kukusudia. Nyerere, kwa Kizanaki, ni viwavi: chifu huyo alizaliwa mwaka ambao wadudu hao walivamia nchi. Mwanawe aliyekuja kuwa Rais, aliyezaliwa Aprili 1922 mvua ikinyesha, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Hata ndani ya boma la chifu, basi, watoto walipewa majina ya shamba na mawingu, si ya enzi. Na Mwitongo, kilima cha familia hiyo, maana yake ni mahame, mahali palipokaliwa pakaachwa. Watu wa huku walihama ardhi ilipochoka au maradhi yalipoingia.

Kuna watakaosema kwamba Burito aliheshimiwa kweli, na kwamba boma lenye wake 22 halijengwi kwa barua ya serikali. Ni kweli, aliheshimiwa. Ila heshima ya mwenye mifugo na busara ni jambo moja, na kiti ni jambo jingine, kwani mwaka 1963 kiti kilifutwa kwa sheria chini ya serikali ya mwanawe mwenyewe, na vilima havikutikisika. Msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanaamini ni makao ya mzimu wao, haukuhitaji sheria kuanza, na hakuna sheria iliyoufuta. Uko palepale jirani na Mwitongo, hatua chache kutoka kwenye kaburi la Mwalimu, ambalo wageni hulipiga picha na kurudi garini.