Beer-sheba, Kisima cha Kiapo

Mtu wa Ugogo hahitaji kufundishwa thamani ya kisima. Mvua ya nchi yake huanza yapata Desemba na kukoma yapata Aprili. Baada ya hapo watu huchimba maji katika mchanga wa mito iliyokauka. Kwa hiyo, katika majina yote ya mahali yaliyomo katika Maandiko, nadhani hakuna lililo karibu naye kuliko Beer-sheba, mji wa kusini mwa Kanaani, ukingoni mwa jangwa.

Jina hili ni maneno mawili ya Kiebrania. Beer ni kisima, ndugu yake bir ya Kiarabu. Sheba yaweza kuwa saba, tena yaweza kuwa kiapo, na hapo ndipo msomaji hutatizika. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, chaeleza kwamba watumishi wa Abimeleki walimnyang'anya Ibrahimu kisima. Ibrahimu hakushika silaha. Alitenga wana-kondoo wa kike saba, akampa Abimeleki, wawe ushahidi ya kuwa yeye ndiye aliyekichimba. Kisha wote wawili wakaapa. Je, ni kisima cha saba, au cha kiapo? Katika Kiebrania neno la kuapa na hesabu ya saba hushiriki herufi zile zile za asili, na wataalamu wengi hudhani kwamba kuapa maana yake ya kwanza ilikuwa kujifunga kwa vitu saba. Mimi naona msimulizi alizishika maana zote mbili kwa kusudi. Hata saba yetu sisi, tuliyoipata kwa Waarabu, ni jamaa yake.

Katika sura ya 26 ugomvi warudi, safari hii juu ya Isaka na wachungaji wa Gerari. Kisima cha kwanza akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili Sitna, yaani uadui. Cha tatu hawakukigombea, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Majina hayo ni kama hati ya shauri iliyoandikwa juu ya ardhi, wala haikuhitaji karani.

Wazee wetu nao waliandika hivyo. Misafara ya pwani ilipoikaribia Ugogo ilivuka nyika ya Marenga Mkali, yaani maji makali, kwa kuwa yalikuwa na chumvi. Jina la Dodoma lenyewe, kama wasimuliavyo wazee, latoka katika neno la Kigogo idodomya, imezama: tembo alikuja kunywa maji akazama matopeni. Burton na Speke walipopita mwaka 1857 walilipa hongo kwa watemi. Wasafiri wengi waliita jambo hilo unyang'anyi. Lakini mwenye kisima katika nchi kavu ana neno lake, na Ibrahimu angalilielewa.

Baadaye Waisraeli walipotaka kutaja nchi yao yote walisema toka Dani hata Beer-sheba, yaani toka kaskazini hata kusini. Tarehe 31 Oktoba 1917 wapanda farasi wa Australia waliuteka mji huo mikononi mwa Waturuki. Walikwenda mbio jua likitua, kwa maana farasi wao walikuwa na kiu kali, na visima vilikuwa ndani ya mji. Vingi katika hivyo vilipatikana vizima.