Ati Nyeupe Haina Upande?

Wasee, ingia hadwea yoyote mtaani useme unataka rangi nyeupe ya ndani. Utaulizwa: nyeupe gani? Kuna ya maziwa, kuna ya pembe ya ndovu, kuna krimu, kuna nyeupe kabisa, na kuna ile inayokaribia kijivu. Kwa kile kikaratasi cha sampuli zote zinakaa ndugu wa tumbo moja. Sasa paka ukutani. Moja inageuka waridi, nyingine inakaa chai ya maziwa iliyopoa, na ile kijivu uliyoipenda sana inatoa zambarau ikifika jioni. Hapo ndoo ya lita 20 ishafunguliwa na pesa ishaenda.

Hiyo rangi iliyojitokeza haikuingia usiku. Ilikuwa ndani tangu mwanzo, chini kwa chini. Kila nyeupe, kila krimu na kila kijivu huwanga na tone la kitu kingine: manjano, wekundu, kijani, buluu. Nitaiita rangi ya chini. Watu wa mapambo ya nyumba huziita hizi rangi zisizo na upande, eti zinakubaliana na kila kitu. Mimi nikiangalia zimetoka wapi, naona hilo jina ni matangazo tu ya biashara. Nyeupe imekuwa na upande siku zote, na kuna wakati imeua watu.

Tuanze nyumbani. Pwani yetu ilikuwa inapaka kuta nyeupe karne nyingi kabla ya ndoo ya plastiki kufika. Chokaa ilitoka kwa matumbawe: yanachomwa juu ya rundo la magogo mpaka yanalainika, yanamwagiwa maji, halafu yanaachwa yakae. Ukienda Lamu kwa zile nyumba za mawe za karne ya 18, utaona vyumba virefu vyembamba. Upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mwanga unaingia kutoka ua wa katikati, halafu unapita chumba kimoja hadi kingine ukipungua. Ukifika chumba cha ndani kabisa, kuna giza. Ndiyo maana kuta zile zimepigwa lipu ya chokaa nyeupe na kuchongwa zidaka, zile safu za vishubaka, ili mwanga mdogo uliofika ushikwe na urushwe tena. Hapo nyeupe ilikuwa na kazi. Hakuna mtu aliyeichagua kwa sababu hakuwa na wazo lingine.

Na chokaa yenyewe si nyeupe tupu. Ikiwa mbichi inakaa nzito na ya kijivu, halafu inaendelea kuwa nyeupe vile inakauka na kuvuta hewa ya kaboni. Kama mawe yalichomwa na uchafu, au mchanga wa lipu ulikuwa na udongo, inabaki na umanjano. Watu wa sehemu nyingi za dunia waligundua dawa yake: tia nili kidogo kwa ndoo ya chokaa. Ndiyo, ile buluu ambayo shosho wako anaweka kwa maji ya mwisho akisuuza shati la shule. Buluu inaua manjano, na jicho linasema, manze, hii ni nyeupe. Kinachonichekesha ni kwamba ukuta uliotiwa nili unarudisha mwanga kidogo kuliko ule usiotiwa. Yaani umeupunguzia mwanga, na jicho limeona umeng'aa. Kama unataka kuelewa rangi ya chini kwa mfano mmoja, huo unatosha.

Ulaya nayo ilikuwa na nyeupe yake, na hapo ndipo hadithi inakuwa mbaya. Kwa zaidi ya miaka 2,000 nyeupe kubwa ya wachoraji na wapaka nyumba ilitengenezwa kwa risasi, ile metali. Waliweka vipande vya risasi juu ya vyungu vya siki, wakavifukia kwa samadi yenye joto, na baada ya wiki kadhaa wakakwangua ukoko mweupe. Ikichanganywa na mafuta ya kitani, ilifunika vizuri na kutoa weupe wenye joto kidogo, kwa sababu mafuta yenyewe hugeuka manjano na miaka. Ukiona mtu leo anapenda ile nyeupe ya nyumba za zamani za Ulaya, mara nyingi anapenda umanjano huo.

Gharama yake ilikuwa mwili wa mtu. Wafanyakazi wa viwanda vile na wapaka rangi waliumwa tumbo vibaya, mikono ikalegea, wengine wakafa. Watoto walikula mabanzi ya rangi kwa sababu ni matamu. Mwaka wa 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe kwa upakaji wa ndani ya majengo. Marekani haikupiga marufuku rangi ya risasi kwa nyumba hadi 1978. Hesabu hiyo miaka. Kenya saa hizi ina kiwango kinachosema risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Lakini kiwango hakibanduki chenyewe kuta za zamani, kwa hivyo kama umepanga nyumba ya miaka mingi yenye rangi inayobanduka, usianze kuipiga msasa mkavu mtoto akicheza hapo karibu. Vumbi hilo ndilo hatari.

Mbadala wa kwanza ulikuwa zinki, katika karne ya 19. Haikuwa na sumu kama risasi, ila ilikuwa na ubaridi: weupe wa kuelekea buluu, na ilifunika vibaya. Halafu mwaka wa 1916, viwanda vya Norwei na Marekani vikaanza kuuza nyeupe ya titaniamu, na hiyo ndiyo iko kwa karibu kila ndoo ya rangi nyeupe utakayonunua. Hata yenyewe ina sura mbili. Chembe zake zikipangika kwa umbo linaloitwa anatasi, nyeupe inaenda buluu kidogo. Zikipangika kwa umbo la rutili, inaenda manjano kidogo tu. Hiyo ndiyo "nyeupe kabisa" ya dunia ya leo, na bado ina upande.

Na hapa Wakenya tunaingia kwa hadithi, na hatukuingia kama wanunuzi tu. Kuanzia mwisho wa 2013 hadi Desemba 2024, mgodi wa Base Titanium ulichimba mchanga wa Kwale. Ndani ya mchanga huo mlikuwa na ilmenaiti, rutili na zirkoni. Ulipakiwa kwa meli pale Likoni ukaenda ng'ambo, na sehemu kubwa ya madini hayo ya titaniamu duniani inaishia kuwa unga mweupe wa rangi, plastiki na karatasi. Kwa hivyo inawezekana kabisa ile nyeupe uliyoambiwa ni ya Ulaya, kwa bei ya Ulaya, ilianza kama mchanga wa watu wa Msambweni. Sisemi tungejenga kiwanda kwa siku moja, kwa sababu kuugeuza mchanga kuwa unga kunataka kemikali nzito, maji na umeme mwingi. Nasema tu, ukisikia mtu anakuuzia nyeupe kama ustaarabu wa mbali, kumbuka Likoni.

Sasa huo ustaarabu wa ukuta mtupu mweupe ulitoka wapi? Jina moja linarudi kila mara: Le Corbusier, msanifu wa majengo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Ufaransa. Mwaka wa 1911 alizunguka nchi za Balkani, Uturuki na Ugiriki, akapenda kuta za chokaa alizozikuta kwa watu wa kawaida. Mwaka wa 1925 akaandika kitabu ambamo anapendekeza sheria kabisa: kila mtu ang'oe mapazia na karatasi za ukutani, apake nyeupe ya Ripolin, ile rangi ya kiwandani. Nyumba safi, roho safi. Hayo mawazo yakasafiri, na bado yanasafiri kila unapoona video ya keja nyeupe yenye kiti kimoja na mmea mmoja.

Lakini angalia nyumba zake mwenyewe. Ile ya La Roche kule Paris, iliyomalizika 1925, ndani ina buluu ya mbali, kahawia na kijivu. Villa Savoye ya 1931 ina waridi na buluu ndani. Mwaka huohuo wa 1931 alipangia kampuni ya karatasi za ukutani mkusanyiko wa rangi 43. Dunia iliona nyeupe tupu kwa sababu moja kubwa: picha za majarida ya wakati huo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Tumerithi mtindo kutoka kwa picha ambazo hazikuweza kuonyesha rangi. Hiyo inanikasirisha na kunifurahisha kwa wakati mmoja.

Kijivu nacho kina mambo yake. Jina lenyewe kwa Kiswahili linatoka kwa jivu, na Kiswahili kiko hivyo kwa rangi nyingi: kahawia ni kahawa, kijani ni majani. Sasa ni jivu la nini? La makaa si sawa na la kuni. Ukichanganya nyeupe na nyeusi ya masizi peke yake, hupati kijivu cha katikati. Unapata kijivu chenye buluu, kwa sababu ya vile chembe ndogo sana za masizi hutawanya mwanga ndani ya nyeupe. Ndiyo maana kijivu kilichotawala mitandao miaka ya 2010 kilifanya sebule nyingi zikae kama chumba cha kungojea daktari. Kukipasha joto, mchanganyaji anaongeza manjano ya udongo au wekundu kidogo wa kutu. Akizidisha wekundu, krimu yako inakuwa waridi.

Mtu aliyetufundisha kwa nini hizi rangi zinageuka alikuwa mkemia, Michel Eugène Chevreul. Mwaka wa 1824 alipewa usimamizi wa idara ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Wafumaji walikuwa wanalalamika kwamba uzi mweusi ni hafifu. Chevreul akapima uzi huo dhidi ya mwingine kutoka kwingine, akakuta hauna shida. Shida ilikuwa jirani yake: ule weusi ulikuwa unafumwa kando ya buluu na zambarau, na hizo zilikuwa zinauchafua machoni. Mwaka wa 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu vile rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huisukuma nyingine. Aliishi miaka 102, kwa hivyo alipata muda wa kuona watu wakimkubali.

Leta hiyo kwa keja yako. Ukuta haukai peke yake. Uko kando ya taili za mwenye nyumba, ambazo hapa kwetu mara nyingi ni krimu yenye waridi, na hizo huwezi kuzing'oa. Ukiweka kando yake nyeupe ya kuelekea buluu, taili zinakaa chafu hata kama umepiga deki saa hii. Sakafu ya simenti nyekundu, ile ya mitaa ya zamani, inarusha wekundu mpaka nusu ya ukuta. Bati la jirani, mti wa dirishani, ukuta wa ploti ya pili uliopakwa matangazo ya kampuni ya simu, vyote vinaingia ndani na mwanga.

Na jua letu si lao. Ushauri mwingi wa intaneti umeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, na unasema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga baridi kwa hivyo kipake rangi ya joto. Hapa Nairobi, digrii moja na kidogo kusini ya ikweta, huo ushauri hauna miguu. Saa sita mchana mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, kama digrii 25 kutoka utosini. Desemba liko upande wa kusini, kama digrii 22. Dirisha lilelile la kaskazini linapata jua nusu ya mwaka na kulikosa nusu nyingine. Kwetu tofauti kubwa ni mashariki na magharibi: chumba cha mashariki kinawaka manjano asubuhi halafu kinapoa, cha magharibi kinangoja mpaka saa kumi kigeuke chungwa. Krimu yenye manjano mengi kwa dirisha la magharibi itakuchosha.

Kisha usiku unafika, na balbu nyingi za bei ya kawaida hutoa mwanga wa buluu, zile zimeandikwa 6500K. Kama unatoka asubuhi na kurudi saa mbili usiku, hiyo balbu ndiyo jua lako. Badilisha balbu kabla ya kubadilisha rangi. Ni rahisi zaidi, na mara nyingi inatosha.

Kama lazima upake, nunua kopo dogo kabisa, upake mara mbili kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa daftari wazi. Kiweke kando ya karatasi nyeupe ya printa: hapo rangi ya chini haiwezi kujificha. Halafu kisimamishe chini, kando ya taili, ukiangalie asubuhi, saa kumi na usiku balbu ikiwaka. Na kwa kile kikaratasi cha sampuli, usiangalie ile unayotaka peke yake. Angalia iliyokolea kuliko zote kwenye safu hiyohiyo. Hiyo ndiyo inasema ukweli kuhusu ndugu zake weupe.

Jambo la mwisho ni la wapangaji. Mikataba mingi inasema ukihama uache kuta "krimu" vile ulizikuta. Krimu gani? Siku unayoingia, muulize mwenye nyumba jina la rangi na namba yake, na akisema hajui, piga picha ukuta mchana karatasi nyeupe ikiwa kando. Ukinunua rangi ya kuchanganywa na mashine, kuna kibandiko juu ya kifuniko chenye namba ya mchanganyiko. Kipige picha kabla fundi hajakanyaga kifuniko.