Kuku wa Biriani na Dawa Iliyomo Katika Chakula Chake

Mabibi harusi wetu, tukiagiza kuku wa biriani tunauliza kama kachinjwa kihalali. Na twayyib je? Alilishwa nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kule Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara ya Lederle walikuwa wakitafuta vitamini B12 ya bei nafuu ya kuwapa vifaranga. Wakawalisha machicha yaliyobaki baada ya kutengenezwa antibayotiki iitwayo Aureomycin. Machicha, kama sisi tunavyowamwagia kuku ya nazi! Vifaranga wakanenepa kupita matarajio, kumbe ni mabaki ya dawa. Habari ikatangazwa 1950, wafugaji wakaikimbilia. Kuku akikua upesi ni pesa.

Lakini dozi ndogo ya kila siku haiui vijidudu vyote. Vinavyobaki ni vile sugu, navyo vinatufikia mpaka jikoni. Siku mtoto anaumwa, dawa inagoma.

Uingereza, kamati ya Swann ilionya mwaka 1969. Sweden ikapiga marufuku dawa za kukuzia mifugo 1986, Umoja wa Ulaya 2006. Marekani, kulikoanzia, ilingoja hadi 2017 kuzizuia zile zinazotibu binadamu.